Mume wa Nkambo Kunda

Katika nyumba ya Godefroid, uma uliheshimiwa kuliko mgeni. Mgeni alisubiri uani na kunywa maji kwa kikombe cha bati. Uma ulilala kabatini, umevikwa flaneli kama mtoto mwenye homa, na kila Jumapili ulitolewa, ukapanguswa, ukalazwa kushoto kwa sahani kwa taadhima ambayo hata padri hakuipata alipokuja kubariki nyumba.

Watu wa Kamalondo, mtaa wetu wa Weusi huku Katanga, walilijua hilo. Mwaka ule wa hamsini na tatu, waliopita mbele ya dirisha lake saa za chakula walikuwa na desturi ya kuinama kama wanaofunga kamba za viatu, hata wale waliotembea pekupeku, ili wachungulie vita vya Weusi na njegere. Njegere za kopo ndizo zilizokuwa mtihani wenyewe. Nyama ukiichoma inatulia, kiazi kina adabu zake, lakini njegere ni mtoto wa mitaani: unamkimbiza huku, anatokea kule. Mama Germaine, mke wa Godefroid, alikuwa amekwisha kuzikanyaga nyingi kuliko alizokula. Godefroid mwenyewe alizila kwa jasho.

Aliyezishinda ni mmoja tu, mtoto wao Adalbert, miaka kumi na mitano, shingo ndefu, nywele zimechanwa njia upande wa kushoto. Yeye aliziponda kidogo kwa mgongo wa uma, akazipandisha, akazipeleka kinywani bila kuzitazama, huku akimwuliza mama yake kwa Kifaransa kama amelala vizuri. Mama yake, ambaye Kifaransa chake kilikuwa bonjour na merci tu, alijibu merci, na mambo yakaenda.

Haya hayakuwa mchezo. Godefroid alikuwa karani katika ofisi ya malori, na alikuwa ameomba karte, ile ambayo Serikali iliwapa waitwao evolwe, yaani Weusi waliopimwa wakaonekana wamestaarabika. Mwenye karte aliruhusiwa kutembea kwenye mji wa Wazungu baada ya jua kuzama. Hakuchapwa fimbo. Na mtoto wake, akiwa na akili, aliweza kuombewa nafasi katika shule ya watoto wa Wazungu. Lakini kabla ya kuipata, ilikuja komisio. Wazungu waliingia nyumbani kwako, wakafunua sufuria, wakapiga magoti kutazama chini ya vitanda, wakaingia chooni wakatoka, kisha wakaketi kukutazama unavyokula.

"Mimi wataniangalia kidogo," Godefroid alimwambia mwanawe kwa Kifaransa, maana ndani ya kizingiti Kiswahili kilikatazwa, kilibaki uani pamoja na kuku. "Wewe watakuangalia sana. Mtu mzima anaweza kujifunza kujifanya. Mtoto ndiye anayeonyesha nyumba ilivyo."

Adalbert aliyashika maneno hayo kama mwingine anavyoshika katekisimu. Alifanya mazoezi ya kuangaliwa. Kwenye kioo cha kabati la baba yake alijaribu namna ya kugeuka mtu akimwita, namna ya kucheka bila kufungua kinywa chote, namna ya kusikiliza. Ndiyo, alijifunza hata kusikiliza: kichwa upande kidogo, nyusi juu. Akawa hodari.

Nje, vijana wa mtaa walimwita Misye Uma, yaani Bwana Uma. "Misye Uma, njegere moya inakimbia, ikamate!" Alipita katikati yao na mgongo ulionyooka, akijiambia kwamba mwakani watamwona akielekea mjini na begi la ngozi, nao watakosa la kusema. Katika hilo neno, watamwona, ndimo alimoishi. Alijihisi mtu pale tu mwingine alipokuwa anamtazama. Akiwa peke yake hakuwa na hakika sana kama yuko.

Isipokuwa katika chumba cha nyuma.

Chumba hicho kilipakana na jiko, na aliyekaa humo alikuwa nkambo yake, mama wa Godefroid. Nkambo ni babu au nyanya, huku kwetu neno ni moja. Jina lake Kunda. Aliletwa kutoka Pweto na kikapu cha samaki wakavu na kikohozi. Samaki waliisha, kikohozi kikabaki. Alivuta sigara huku upande wenye moto umo ndani ya mdomo, akisema hivyo upepo haumuibii tumbako. Jumapili za njegere aliombwa asitoke chumbani, na yeye hakununa. Alisema hana shida na chakula kinachokimbia.

Kwake hakukuwa na Adalbert. Adalbert ni jina la mapadri, alisema, na padri hana mke. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la marehemu mume wa Kunda, Mwenze, aliyekuwa mvuvi ziwani Mweru. Na kwa watu wake, ukipewa jina la mtu unapewa na mke wake. Kwa hiyo tangu anatambaa Adalbert alikuwa mume wa nkambo yake. Alidaiwa nyama. Alidaiwa kitambaa cha kichwa. Aligombezwa kwa kuchelewa kurudi.

"Bwana yangu, unanitupa," Nkambo alimwita alipomsikia anapita. "Leo tena unakula kwa bibi mudogo?"

Bibi, huku kwetu, ni mke, na bibi mdogo, mke wa pili, ilikuwa ile meza.

"Yeye anapika," Adalbert alijibu mlangoni. "Weye kinywa yako iko kama kapu tupu, nitakula nini?"

"Sikia huyu! Na shingo yake kama korongo anayetafuta chura!"

"Bora korongo. Weye ni chura mwenyewe, tena ya mwaka jana."

Nkambo alicheka mpaka akakohoa, na kukohoa mpaka akacheka tena. Adalbert aliketi sakafuni bila kuangalia kama suruali inachafuka. Matusi yalimtoka yenyewe. Hakuyapanga, hakuyapitisha kwenye kioo kwanza. Ungemwuliza wakati ule kama anafurahi, asingeelewa swali.

Siku moja Nkambo alimkamata mkono, na safari hii hakucheka.

"Mwenze. Siku nitakufwa, ba Mamba batakuya."

Adalbert alijua. Nkambo alikuwa wa ukoo wa Samaki, na Samaki watani wao ni watu wa ukoo wa Mamba, kwa sababu ambayo hata mtoto anaielewa: mamba anakula samaki. Mtu wa Samaki akifa, Mamba ndio wanaokuja na majembe, wanaochimba, wanaobeba. Na kazi hiyo hawaifanyi wamenyamaza. Wanamtania marehemu, wanawatania waliofiwa, wanaulizia urithi, wanajilaza kaburini kupima, mpaka watu walie na kucheka kwa pumzi moja. Bila hivyo, kilio ni kilio cha mgeni.

"Bataulizia bwana ya huyu samaki," Nkambo alisema. "Weye utavua viatu, utaikala pa mukeka, utasema: ni miye, Mwenze. Balete matusi, nawe urudishe. Ni hivyo tu. Kulia, bengine batalia."

"Na kama ninasahau matusi?"

"Mutu hasahau matusi ya bibi yake." Kisha akaongeza, akiangalia sigara yake, "Bwana asipoitika, mwanamuke anaenda kama kitu ya kuokota. Sitaki kwenda vile."

Adalbert akaahidi. Kuahidi kulikuwa rahisi. Mwanamke mwenyewe alikuwa anakohoa hivyo tangu Pweto.

Komisio ikatangaza kuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Nkambo Kunda akafa Alhamisi hiyo hiyo, alfajiri. Angekuwa mzima angesema yeye ndiye aliyetangulia kupanga.

Mama Germaine ndiye aliyemkuta. Alimfunika uso. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke aliyelelewa, alikwenda kwanza kwenye ua na kumwambia jirani yao Rigobert apande baiskeli mpaka Katuba, kwa Mzee Kalaba, mkubwa wa watu wa Mamba hapa mjini, amwambie samaki wake amekufa. Rigobert akaenda. Ndipo Mama Germaine akarudi ndani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akafungua kinywa ili kilio kianze. Godefroid akamfunika kinywa kwa kiganja. Alikifunika polepole, kama anayemzuia mtoto asiamshe mwenzake.

"Wanakuja saa nne," alisema. "Saa sita watakuwa wameondoka. Ameishi duniani miaka mingi, hatashindwa kungoja asubuhi moja."

"Godefroid. Ni mama yako," mkewe alisema kwa Kiswahili, ndani ya kizingiti.

"Ninajua ni mama yangu."

Alijaribu kufunga tai, ikamshinda. Akamwita mwanawe amfungie. Adalbert akamfungia, fundo likakaa vizuri, na baba mtu akajitazama kwenye kioo bila kujiona. Mama Germaine hakumwambia mtu kwamba Rigobert amekwenda Katuba. Labda alisahau. Labda hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo linaweza kufichwa, kama vile huwezi kuficha kwamba kumekucha.

Kabla ya kufunga chumba cha nyuma, Adalbert alisimama mlangoni. Aliona nyayo za Nkambo zimechomoza chini ya kitambaa, zimepasuka visigino. Kilio kikamjia. Akakiambia kingoje. Alikuwa amekwisha kujigawa vizuri kichwani: saa nne, Adalbert, saa sita, Mwenze. Atavua viatu, ataketi mkekani, atasema aliyoahidi. Ni asubuhi moja tu. Akageuza ufunguo, akautia mfukoni mwa koti.

Wazungu walikuwa wawili. Kijana alishika kalamu na kuuliza. Wa pili alikuwa mzee mwembamba ambaye watu wa mji walimpa jina Bwana Kimya, kwa kuwa alikaa Katanga miaka na miaka na hakuna aliyemsikia akiongea mara nyingi. Walifunua sufuria. Walitazama chini ya vitanda. Walifika kwenye mlango wa nyuma.

"Na hapa?"

"Stoo," alisema Godefroid. "Ufunguo umepotea, Monsieur."

Kijana akaandika. Bwana Kimya akautazama mlango, kisha akaangalia chini, penye kipande cha sigara kilicholiwa na moto upande wa ndani, akakiruka kwa heshima kama mtu anayeruka dimbwi.

Wakaketi. Mama Germaine alikuwa amevaa gauni la buluu na uso wa ubao. Njegere zikaja. Adalbert hajawahi kula namna ile, wala hatakula tena. Alijibu maswali, aliuliza lake moja kuhusu hali ya hewa huko Ulaya, alimpitishia mama yake chumvi kabla hajaihitaji. Kijana mwenye kalamu alipouliza anataka kuwa nani ukubwani, alisema mhandisi, na akatoa tabasamu la kioo, la tatu kati ya yale aliyoyafanyia mazoezi, lililofaa zaidi. Kijana akamtazama baba mtu na kutikisa kichwa kwa furaha. Adalbert aliiona furaha hiyo ikipita juu ya meza na kumfikia, kama joto. Yuko. Anaonekana. Mwakani begi la ngozi.

Ndipo bati likalia getini.

"Ee benye nyumba!" Ilikuwa sauti nene, ya mtu anayejifurahisha. "Nani alipatia samaki yangu ruhusa ya kufwa? Miye Mamba sijaamka, sijanawa mikono, na samaki anajifia kama hana mwenyewe! Mumutoe hapa nimuone kama ananona!"

Mzee Kalaba alikuwa ameingia uani, jembe begani, akipiga mgongo wa sahani ya bati kwa kijiko. Nyuma yake, nje ya ua, vijana wa Mamba wawili walishika majembe na kucheka kabla hawajaambiwa lolote.

"Nini hicho?" aliuliza kijana wa komisio.

Godefroid aliweka uma. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Adalbert, nenda ukaone huyo bwana anataka nini."

Alisema hilo tu. Macho yake yalisema yaliyobaki. Adalbert akakunja kitambaa chake cha mezani, akakiweka kando ya sahani, akatoka barazani. Dirisha nyuma yake lilikuwa wazi.

"Baba, unapotea nyumba," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini safi.

Mzee Kalaba akafurahi. Alidhani utani umekwisha kuanza, tena umeanza vizuri. "Ninapotea? Na harufu ya samaki iko inanivuta pua toka Katuba! Weye ni nani?"

"Adalbert."

"Hiyo ni jina ya padri. Lete ingine."

Adalbert hakuleta.

"Banasema bwana ya Kunda ni kijana wa shingo ya korongo," Mzee Kalaba alisema, akimzunguka kidogo, akimpima. "Ni hii shingo. Si weye Mwenze? Vua viatu basi, nikutukane, kinywa inaniwasha."

Ndani, mlio wa uma kwenye sahani ulikoma. Adalbert alihisi wanamtazama mgongoni, wote wanne, na mgongo wake ukajinyoosha wenyewe.

"Hapa hakuna Mwenze," alisema. "Hapa hakuna kilio, baba. Tuko tunakula."

Kicheko hakikumtoka mzee yule mara moja. Kilipungua, kama moto usioongezwa kuni. Alitazama viatu vya Adalbert, tai, tone dogo la kijani kwenye kona ya mdomo. Akashusha jembe.

"Na Kunda?"

"Simujue."

"Basi," alisema Mzee Kalaba. "Ninakosea nyumba."

Akavua kofia yake. Aliivua kwa namna ambayo watu wa umri wake huivua mbele ya Mzungu, kwa mkono wa kulia, mpaka kifuani, kichwa chini. Kisha akageuka, na bati lake amelibana kwapani lisilie.

"Muuza makaa," Adalbert alisema kwa Kifaransa alipoketi. "Alikosea nyumba."

Kijana akacheka kidogo, akaendelea na kalamu. Bwana Kimya alijifuta mdomo, akafuta tena mahali palipokuwa pakavu. Mama Germaine alikuwa akiitazama sahani yake, na njegere zote zilikuwamo bado.

Waliondoka kabla ya saa sita, kama ilivyopangwa. Godefroid aliwasindikiza mpaka kwenye motokari na kushikwa mkono. Bwana Kimya alikuwa wa mwisho. Alipomfikia Adalbert alisimama, akainama kidogo, na akasema kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu kabisa, cha mtu aliyekaa miaka na watu wa mgodi:

"Pole ya nkambo yako, kijana."

Akaingia garini. Adalbert alibaki na mkono aliokuwa ameunyoosha ili aagwe.

Kilio cha Mama Germaine kilianza kabla vumbi halijatua. Majirani wakaruka ua. Mikeka ikatandikwa, moto ukawashwa, wanawake wakavua vitambaa vya kichwa. Mkeka mmoja ukawekwa chini ya ukingo wa paa, peke yake, mahali pa mume. Na watu wakaanza kuulizana: Mamba wako wapi? Nani atachimba? Rigobert aliapa kwamba aliwafikishia habari, tena alimwona Mzee Kalaba akitoka mbio na jembe lake. Godefroid alimtazama mwanawe, safari hii bila mafunzo yoyote machoni, akasema kwa Kiswahili, "Enda umwite."

Adalbert alikwenda kwa miguu. Njia yote ya Katuba alijirudia. Ni miye, Mwenze. Ni miye, Mwenze. Alikuwa amechelewa, basi. Lakini saa sita ilikuwa imefika, na saa sita ni ya Mwenze, ndivyo alivyopanga.

Mzee Kalaba alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, anachonga mpini.

"Bonjour, Misye," alisema.

"Ni miye, Mwenze."

"Mwenze? Asubuhi nilimutafuta, hakukuwa."

"Ninakuya kukuita, baba. Nkambo anakufwa."

"Nkambo ya nani?"

"Bibi yangu."

Mzee Kalaba akaweka kisu chini. Akaegemea mbele, viwiko juu ya magoti, na nuru ya utani ikarudi machoni mwake, kidogo, kama mtu anayekuachia mlango wazi ingawa umekwisha kumtukana.

"Muzuri. Kama ni bibi yako, na miye ni Mamba, nitukane. Tusi moya tu. Nitaamka hapa, tutaenda pamoja, nitacheka njia yote mpaka Kamalondo. Ya asubuhi nitasema ni jua ilinipiga."

Adalbert alifungua kinywa. Aliyajua. Mamba mwenye taya kama sanduku lililovunjika bawaba. Mamba anayekunywa maji aliyokojolea. Nkambo alimfundisha yote hayo sakafuni, na akamwongezea ya kwake. Yalikuwapo, aliyaona yamepangana. Lakini mzee yule alikuwa anamtazama. Alikuwa anangoja, anamtazama usoni, na Adalbert akitazamwa alijua kufanya jambo moja tu. Kichwa kikaenda upande kidogo. Nyusi zikapanda.

"Samahani sana, mzee," alisikia sauti yake ikisema. "Ninakuomba, tafadhali."

Ilikuwa ile sauti ya kupitisha chumvi.

Mzee Kalaba alingoja kidogo zaidi, kwa huruma. Kisha akaokota kisu chake.

"Huyu ni Adalbert," alisema, bila hasira, kama anayemweleza mtu mwingine. "Rudia kwenu, Misye. Tutakuya. Mufu hana kosa. Nitachimba, nitamubeba, yote nitafanya. Ila kucheka, nicheke na nani?"

Walikuja kweli. Wale ambao wameona mazishi mengi hapa mjini wanasema hawajaona ya kuchosha vile. Mamba walichimba kimya, kama watu wa kazi ya Serikali. Hakuna aliyejilaza kaburini kupima. Hakuna aliyeuliza nani atarithi sigara. Watoto walikuwa wamepanda ukutani ili waone utani, wakangoja, wakashuka mmoja mmoja. Wanawake walilia mpaka machozi yakaisha na hapakuwa na mtu wa kuwapumzisha, ikabidi waendelee bila machozi.

Adalbert alisimama kando ya mkeka wa mume. Viatu vyake vilikuwa vimefungwa, mafundo mawili mawili. Alikuwa anangoja mtu amwambie akae. Tangu azaliwe alikuwa ameambiwa, keti, simama, geuka, kula, na sasa hakuna aliyemwambia, wala kwa ubaya. Watu walimwona amevaa tai wakafikiri ni mtoto wa ofisi aliyekuja na rambirambi za wakubwa. Aliinama mara moja, mkono ukafika kwenye kamba za kiatu. Mama mmoja aliyepita na ndoo akamwambia, "Pardon, Misye," akamzunguka, naye akasimama wima tena.

Walipotoka makaburini Mzee Kalaba aliuchukua mkeka ule uliokaa mtupu, akaukung'uta ingawa haukuwa na vumbi, akaukunja. Akaondoka nao.

Mwezi uliofuata Godefroid aliitwa mjini. Akaambiwa bado. Ajaribu tena baada ya miaka miwili. Hakupewa sababu, na hakuuliza, maana mtu aliyestaarabika haulizi. Miaka miwili baadaye Adalbert angekuwa na kumi na saba, na shule ile haikupokea watu wenye ndevu. Hilo nalo hawakulizungumza. Jumapili iliyofuata uma zilitolewa kwenye flaneli zao kama kawaida. Waliokuwa wakipita dirishani hawakuinama tena. Vita vya njegere vilikuwa vimezoeleka, na vijana walikuwa wamempata mwingine wa kumcheka. Hata jina la Misye Uma lilimwacha. Hilo alilihisi zaidi kuliko alivyotarajia.

Chumba cha nyuma kilipakwa chokaa, kikawa chake. Kulikuwa na meza ndogo na kiti, na ukinusa sana, tumbako. Alasiri moja alifunga mlango, akatandika gazeti sakafuni pale alipozoea, akaketi.

"Weye Kunda," alianza. "Kinywa yako iko kama kapu tupu."

Maneno yalitoka yote. Kila moja lilikaa mahali pake, limetamkwa vizuri, kama la mwanafunzi anayesoma mbele ya mkaguzi. Alisikiliza. Akajaribu la chura. Nalo likatoka vizuri. Alirudia kwa sauti kubwa, kisha kwa ndogo, kisha akajaribu kucheka mwenyewe mahali ambapo Nkambo angecheka, na kicheko kilikuwa kile cha kioo, kisichofungua kinywa chote.

"Adalbert," baba yake aliita kutoka mezani. "Zinapoa."

Aliinuka, akakunja gazeti, akapangusa suruali. Akaenda akaketi, akala njegere zote huku anaulizia usingizi wa mama yake. Hakuna hata moja iliyoanguka.